Ng'ombe wa Chuma wa Letlatsa

Asubuhi nikifungua mlango wangu, kwanza naangalia bomba la moshi la Letlatsa. Nikiona moshi, ndipo nakwenda kukoka moto wangu. Tabia hii niliianza mwaka ule alipopoteza ng'ombe, na sijaiacha, ingawa siku hizi naangalia kwa moyo mwepesi. Moshi upo, mtu yupo. Kijiji chetu cha Ha Seqhoela kina milango mingi yenye makufuli, na nyuma ya karibu kila kufuli kuna habari ya mzee aliyechukuliwa na watoto wake kwenda Maseru, kuishi kwenye vile vyumba vya kupanga vilivyoungana kama mabehewa. Wakirudi, hurudi ndani ya sanduku, juu ya gari lililokodiwa. Letlatsa alibakiza kidogo sana awe mmoja wao.

Huyu ni mtu ambaye hakwenda migodini. Hilo peke yake lamfanya kiumbe wa ajabu katika rika letu. Sisi wengine, ndevu zilipoanza tu kuota, tulipanda treni tukaenda kuchimba dhahabu ya watu wengine. Mimi huko nilijifundisha kusoma kwa magazeti yaliyobandikwa kwenye kuta za bweni, nikarudi na kifua kibovu na maneno mengi. Letlatsa alibaki na ng'ombe wa baba yake. Na wanaume wote walipokuwa chini ya ardhi, nani aliwalimia wake zao? Ni yeye. Mipichi ilipochanua alitoa nira, akafunga ng'ombe wake wawili wawili, akashuka bondeni akipiga mluzi, na shamba lolote alilofika lilijaa watu kabla plau haijagusa ardhi. Mmoja aliongoza ng'ombe wa mbele, mwingine alibeba mbegu, wanawake walifuata nyuma wakiokota mawe na kuimba, na mwenye shamba alikuwa amekwisha pika pombe ya mtama tangu siku zilizopita. Huo ndio ujima tuliouita letsema. Leo mtu akitaka kabichi anangoja lori linalovuka mto kutoka kwa Makaburu, ananunua kabichi iliyofungwa kwenye nailoni, kisha anarudi nyumbani kupita shamba la babu yake lililoota magugu. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyo.

Mke wake, 'Manthofeela, alifariki kabla ya ng'ombe kupotea, na nafikiri alipata bahati. Ng'ombe waliondoka wakati wa baridi. Wezi wa siku hizi wana bunduki, na hawaachi hata ndama kwa kuona aibu. Letlatsa alifuata kwato mpaka mahali palipokuwa na mwamba mtupu, akarudi. Baada ya hapo hakula vizuri. Alikuwa akikaa juu ya ukuta wa zizi tupu tangu asubuhi, blanketi mabegani, kofia ya nyasi usoni, kama mtu anayengoja mifugo irudi malishoni. Siku moja nilimkuta ameanguka pale langoni mwa zizi, baridi imempiga, midomo imekuwa ya buluu. Nilimpelekea habari binti yake.

Nthofeela ndiye mtoto wake pekee aliyebaki. Anashona suruali za jinzi kwenye kiwanda huko Maseru, na ana ulimi wa mama yake. Alikuja, akamnywesha uji, akamfokea, akalia uani akidhani hatumwoni. Kisha akasema, "Ntate," kama tunavyowaita baba zetu, "mtu asiye na kazi hapa mlimani anakufa. Unakwenda na mimi."

"Nikafanye nini huko?"

"Ukae."

"Kukaa naweza hata hapa."

"Hapa umekaa mpaka umeanguka, Ntate!"

Walibishana hivyo mpaka ugali ukapoa. Mwisho Nthofeela akaondoka bila yeye, na sisi tukadhani ameshindwa. Kumbe hapana. Mwezi uliofuata lilipanda gari dogo la mizigo likitoa moshi, na nyuma yake, limefungwa kwa kamba kama fahali anayepelekwa mnadani, kulikuwa na dude jekundu lenye magurudumu mawili na mikono mirefu. Mashine ya kulimia bustani. Kaburu mmoja ng'ambo ya mto alikuwa anasafisha banda lake, naye Nthofeela akainunua.

"Haya," alimwambia baba yake mbele ya watu, mikono kiunoni. "Jifunze. Mvua ya kwanza ikinyesha nitakuja Jumamosi. Nikikuta unaweza kuilima bustani ya 'M'e 'Maselloane ukuta kwa ukuta na bado umesimama kwa miguu yako, basi utabaki kwako na sitasema tena. Ukishindwa, nafunga nyumba, tunaondoka wote. Sawa?"

Letlatsa aliizunguka mashine yote, akarudi mbele yake. "Sawa," akasema. "Lakini hili halina macho. Litajuaje linakokwenda?"

Kijitabu cha mashine kilikuwa na michoro, nami nikawa msomaji. Tulikaa uani kwake tukipita sehemu moja baada ya nyingine, na kila niliyoitaja aliipa mahali pake kwenye msururu wa ng'ombe, maana hakuwa na njia nyingine ya kukumbuka. Injini iko mbele kabisa, na kamba ya kuwashia imejikunja ubavuni mwake. "Huyo ni Khunoana," alisema. Khunoana alikuwa dume la kahawia lililoongoza. Magurudumu mawili ya katikati, yenye meno ya mpira, yanavuta mashine yenyewe ili mtu asiisukume. "Hao ni Phatšoa na mwenzake, wenye mabega." Nyuma ya magurudumu, chini ya kifuniko cha bati, kuna mhimili wenye visu vilivyopinda, navyo vinazunguka na kuipasua ardhi. Hivyo havikuhitaji kuelezwa. "Plau," alisema, akavigusa kwa kidole gumba kama anayejaribu makali. Na nyuma kabisa kuna chuma kinachoteremka ardhini kama mguu wa tatu. Ukikishusha, visu vinaingia chini zaidi, na mashine haikimbii. Hicho kilimfurahisha kuliko vyote. "Huyu ni Romane! Yule mzee wa nyuma aliyekuwa anakaza miguu kwenye mteremko ili wenzake wasitukokote."

"Na huu hapa?" niliuliza, nikionyesha mkanda wa mpira ulio ubavuni, unaotoka kwenye kapi la injini kwenda kwenye kapi la gia. "Kitabu kinasema nguvu zote za Khunoana zinapita hapa kwenda kwa wengine."

"Hizo ni kamba za nira," alisema bila kufikiri.

Alifaulu haraka kuliko nilivyotarajia. Mwanzo alitembea nyuma ya mashine, ndani ya udongo uliolimwa, kama alivyokuwa akitembea kwenye mfereji wa plau, na alikuwa anakanyaga kazi yake mwenyewe. Baadaye akagundua kwamba, kwa kuwa visu viko nyuma na magurudumu yanavuta, anaweza kutembea pembeni na kuishika kwa mkono mmoja. Mkono mwingine akaurudisha kwenye mluzi. Alilima bustani yake, akalima yangu, akashiba, akaanza tena kututukana. Nikafikiri, basi, jambo limekwisha.

Mvua ikanyesha Jumatano. Jumamosi Nthofeela akashuka kwenye gari na mfuko begani, na ndani ya mfuko, juu kabisa, lilikuwapo kufuli jipya ambalo bado lilikuwa kwenye karatasi yake. Hakulificha. Letlatsa aliliona, nami nikamwona akiliona.

'M'e 'Maselloane, maana kwetu kila mama ni 'M'e, ni mjane wa mtu aliyezikwa na mwamba mgodini. Bustani yake iko nyuma ya nyumba, ina ukuta wa mawe pande zote, na ardhi yake ni ngumu kama kisogo. Ndiye mtu wa mwisho kijijini ambaye bado anapika pombe kwa ajili ya anayemlimia. "Ng'ombe au chuma, yote mamoja kwangu," alisema akitukaribisha. "Anayelima kwa 'Maselloane hanywi maji." Kwenye ukuta alikuwa ameegemea Khanare, mtu ambaye hajawahi kulima chochote lakini hakosi mahali kazi inapofanyika.

Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, na theluji nyembamba bado ilikuwa juu ya vilele. Letlatsa alivuta kamba, injini ikakohoa, ikashika. Akashusha kile chuma cha nyuma, akabana mkono wa klachi, na mashine ikaenda. Hatua chache. Udongo mweusi ukafunguka nyuma yake, na harufu yake ikatufikia. Kisha visu vikasimama. Magurudumu nayo yakasimama. Injini ikawa inanguruma peke yake pale mbele kama mlevi anayetishia watu.

Akaachia, akabana tena. Ngurumo tupu.

"Khunoana anapiga kelele, wenzake wamelala," Khanare akasema kutoka ukutani. "Wapigie mluzi, Ntate!"

"Funga mdomo, Khanare," 'M'e 'Maselloane akamwambia. "Ungekuwa mashine ungekuwa umeshaoza."

Letlatsa akaiinua mashine kidogo kwa mikono. Visu vikazunguka hewani kwa uvivu. Akavishusha. Vikasimama mara vilipogusa ardhi. Jasho likaanza kumtoka chini ya kofia, na haikuwa saa ya jasho. Nthofeela alikuwa amesimama mlangoni, mfuko bado begani.

Nilitoa kijitabu, tukaanza mbele kwenda nyuma. Injini ilikuwa nzima, ilikuwa inawaka na kuvuta mafuta yake. Waya wa klachi ulikuwa unavutika vizuri. Mkanda haukuwa umekatika, maana visu vilizunguka hewani, basi kifuniko chake cha ubavuni hatukukifungua. Tukafungua mfuniko wa gia na kuchovya kijiti, mafuta yalikuwa yamefika alama. Tukavitazama visu kimoja kimoja, tukitafuta jiwe au waya wa uzio uliojisokota kwenye mhimili. Hakuna kitu. Kila sehemu tuliyoikuta nzima ilinitia hofu zaidi, kwa sababu kilichobaki kilikuwa kile tusichoweza kukifungua.

"Gia imekufa ndani," Khanare akasema. Safari hii hakuwa anacheka. "Kaburu hauzi kitu kizima."

Nthofeela akaja polepole, akamshika baba yake kiwiko. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ingekuwa afadhali angefoka. "Ntate, si kosa lako. Nimeona umejitahidi. Lakini tulikubaliana."

"Tulikubaliana," Letlatsa akasema. Akazima injini. Akafuta mikono kwenye blanketi, akatazama juu kwenye bomba lake la moshi, na nikajua anafikiria nani atakuja kuuondoa ule mtungi wa maji nje ya mlango usipasuke kwa baridi.

Sijui nilitaka kusema nini. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na wezi, na Kaburu, na kiwanda cha suruali, na hata na yule binti aliyekuwa analia kimya kimya kwa sababu ameshinda.

Hapo ndipo mbwa walipokuja. Kwanza mbwa wa 'M'e 'Maselloane, kisha mbwa wa Khanare, kisha wale wawili wa chini ambao hawana mwenyewe. Walipita katikati ya miguu yetu bila kututazama, wakaizunguka mashine, pua juu. Mmoja akaanza kulamba kile kifuniko cha ubavuni. Mwingine akamkenulia meno ili alambe yeye.

"Hee," Khanare akasema. "Wamekuja matangani?"

'M'e 'Maselloane akainua uso, akanusa. "Nani anachoma nyama?"

Kweli, palikuwa na harufu. Nilikuwa nimeinusa tangu mwanzo nikadhani inatoka jikoni kwake. Harufu ya mafuta ya kondoo yaliyopata moto.

"Jikoni kwangu kuna maharage tu," akasema, kana kwamba amenisikia. Akamsukuma mbwa kwa mguu, akainama kwenye mashine, akanusa, akasimama wima. "Letlatsa. Hiki kitu umekilisha nini?"

"Petroli."

"Nisikilize, mimi si mtoto. Umekilisha nini?"

"Sijakilisha kitu, 'M'e. Nimekipaka tu."

"Umekipaka."

"Jana mchana. Kama kila mwaka kabla ya kushuka shambani. Huwezi kufunga kamba kavu, zitakatika." Alikuwa anazungumza na ardhi. "Lile kopo la mafuta ya mkia lilikuwa bado liko juu ya kabati. Lile la 'Manthofeela. Sijalifungua tangu ng'ombe walipoondoka. Nikafungua kile kifuniko nikaupaka mkanda, ndani na nje, mpaka ukang'aa."

Kila mtu wa umri wetu pale alijua kopo hilo. Mwisho wa baridi, kabla ya nira kutoka nje, mwenye ng'ombe hukaa juani na kamba zake za ngozi mapajani, akazipaka mafuta ya mkia wa kondoo mpaka zilainike mkononi, maana kamba kavu hukata shingo ya ng'ombe na hukatika katikati ya shamba. Asiyefanya hivyo aliitwa mvivu mbele ya mke wake. Letlatsa hakuwahi kuitwa mvivu. Alikuwa ameipenda mashine kwa namna pekee aliyoijua.

Nilifungua kijitabu kwenye ukurasa wa mkanda, ingawa sasa hata Khanare alikuwa ameelewa. Mkanda wa mpira unashika kapi kwa ukavu wake. Ukiupaka mafuta, kapi linazunguka ndani yake kama mkono uliopakwa sabuni. Asubuhi mafuta yalikuwa yameganda, ndiyo maana ulishika hatua chache. Injini ilipopata moto yakayeyuka.

"Kwa hiyo gia haijafa?" Nthofeela akauliza.

"Gia iko kama ilivyozaliwa."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mfuko ukaanguka begani, akakaa juu ya mawe ya ukuta, akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwa, na sikuweza kujua kipi ni kicheko na kipi ni kile kingine. "Mafuta ya Mama," akasema. "Ntate, umeipaka mashine mafuta ya Mama!"

"Yalikuwa mafuta mazuri," Letlatsa akasema kwa unyonge.

"Yameharibu kazi lakini yameita wageni," Khanare akasema, na sasa sote tukacheka, hata yeye mwenyewe Letlatsa, akiwa ameshika mikono ya mashine ili asianguke.

'M'e 'Maselloane akaleta maji ya moto, kipande cha sabuni ya kufulia, na majivu kwenye ungo. Tukautoa mkanda, Nthofeela akaufua kama anavyofua kola ya shati, akausuuza, akaufua tena. Mimi nikayasugua makapi kwa kitambaa chenye majivu mpaka yakakwaruza kidole. Mbwa tukawaachia maji machafu, wakayagombania. Kisha mkanda ukaanikwa juu ya ukuta juani, na hapakuwa na la kufanya isipokuwa kungoja. Tukanywa. Mtungi ulizunguka, na bila mtu kuita, watu wakaanza kuingia uani: mama mmoja na mtoto mgongoni, wazee wawili wa upande wa chini, dada mmoja aliyedai amekuja kuazima chumvi. Sijui waliitwa na nini, kelele au harufu. Miaka mingi sijaona uani kwa mtu kumejaa watu ambao hawakuja kuzika.

Jua lilipokuwa utosini mkanda ulikuwa mkavu. Tukaurudisha, tukafunga kifuniko, Letlatsa akavuta kamba. Akabana klachi kwa uangalifu, kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa. Visu vikazama. Magurudumu yakashika. Mashine ikaondoka na kuendelea kuondoka, ikafika ukutani, akaizungusha, ikarudi. Katikati iligonga jiwe ikaruka, akaishikilia, kile chuma cha nyuma kikakaza, ikatulia. Akarudisha mkono mmoja mdomoni na kuanza mluzi, ule ule wa bondeni. Wanawake wakaingia nyuma yake kuokota mawe. Wa kwanza kuinama alikuwa Nthofeela, na alikuwa anainama kama mama yake, mkono mmoja kwenye goti. Mtu mmoja akaanza wimbo. Haukuwa mrefu, maana bustani ni ndogo na injini ina kelele, na nusu yao hawakujua maneno. Ulitosha.

Alimaliza ukuta kwa ukuta. Akazima, akasimama. Miguu ilikuwa yake, na ilikuwa imemsimamisha.

"Haya," akamwambia binti yake. "Liko wapi kufuli lako?"

Nthofeela akalitoa mfukoni, akachana karatasi. Tuliisukuma mashine sote mpaka kwa Letlatsa, akaiingiza kwenye kibanda cha mawe kilicho ndani ya zizi, pale ndama walipokuwa wakilala, na Nthofeela akafunga mlango wa kibanda kwa kufuli lile jipya. Ufunguo akampa baba yake.

"Wezi wasije wakaondoka na hii," akasema. "Na lile kopo, Ntate, nipe mimi."

"Utalifanyia nini?"

"Mikono yangu inakauka kiwandani. Nitaipaka."

Akampa. Jioni hiyo akapanda gari kurudi Maseru, na mfuko wake ulikuwa mwepesi. Nilirudi kwangu nikakoka moto. Sikuwa na haja ya kutoka nje kuangalia, lakini nilitoka. Moshi wake ulikuwa umenyooka juu ya zizi, mzito, wa samadi kavu, kama zamani.